Matone ya Jasho Yaliyomkera Hakimu

Gazeti la katuni linalouzwa kwa senti 10 halikutazamiwa na mtu yeyote katika Marekani ya mwaka 1953 kuwa jambo la kuwashughulisha watu wazima. Mtoto alilinunua kwa fedha za peremende, askari akalisoma kitandani katika kambi, kisha likakunjwa, likatiwa mfukoni, likabadilishwa na jingine, na siku zake zikaishia jaani. Lakini toleo la 18 la gazeti lililoitwa Weird Fantasy, lenye tarehe ya Machi na Aprili mwaka huo, halikwenda njia hiyo. Lilikuwa na hadithi moja ya kurasa saba tu, iliyohusu watu wa chuma katika sayari ya mbali, na hadithi hiyo ikawafanya wasomaji wakae kitako, washike kalamu, wawaandikie waliolitoa. Karibu miaka mitatu baadaye hadithi ile ile ilimfanya hakimu mmoja wa jiji la New York akasirishwe na matone ya jasho yaliyochorwa katika picha ya mwisho.

Wenye gazeti walikuwa kampuni ndogo ya New York iliyofahamika kwa herufi mbili, EC. Mkuu wake, William Gaines, hakuwa na nia ya kufanya kazi hiyo. Alikuwa akisomea ualimu wa kemia. Baba yake, aliyeianzisha kampuni hiyo kwa ajili ya kuchapisha katuni za elimu na za Biblia, alikufa katika ajali ya mashua mwaka 1947, na kijana akaachiwa biashara yenye madeni. Hapo awali, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Gaines alikuwa amejiunga na jeshi la anga la nchi yake akafunzwa upigaji picha. Lakini alipopelekwa katika kiwanja kisichokuwa na chumba cha picha akapewa kazi ya jikoni, na huko akamenya na kuosha mpaka siku zikapita. Mhariri na mwandishi wake, Al Feldstein, naye alivaa sare za jeshi hilo hilo, akipaka rangi vibao na kuchora nembo za vikosi juu ya ndege. Mchoraji wa hadithi tunayoizungumzia, Joe Orlando, mzaliwa wa Bari katika Italia, aliletwa Marekani angali mtoto mdogo. Alipokuwa kijana akaingia polisi wa jeshi, akalinda mahabusu, kisha akapelekwa Ulaya kulinda maghala ya majeshi yaliyoikalia Ujerumani baada ya vita.

Hawakuwa, basi, watu waliokulia maktabani. Gaines alikuwa na tatizo la kukosa usingizi. Usiku kucha alisoma hadithi za kubuni za sayansi, na asubuhi akamletea Feldstein vipande vya mawazo vilivyoandikwa juu ya karatasi. Feldstein alichagua kimoja, akakiandika mpaka saa ya chakula cha mchana, tena akakiandika moja kwa moja juu ya ubao wa kuchorea, hata mchoraji akapokea maneno yaliyokwisha kujaza nusu ya nafasi. Mtu akizitazama leo kurasa hizo ataona mara moja kasoro yake: maneno ni mengi kupita kiasi, na watu waliochorwa wamebanwa chini ya visanduku vya maandishi kama abiria wa basi la jioni. Herufi zenyewe hazikuandikwa kwa mkono huru, bali kwa kifaa cha kuongozea kalamu kama kile kitumiwacho na wachora ramani. Hata hivyo wasomaji waliyasoma maneno yote, na ushahidi wake ni barua zao.

UKURASA WA BARUA

EC iliwapa wasomaji wake kitu ambacho wachapishaji wengi wa katuni wa siku zile hawakuona faida yake, nacho ni mahali pa kujibu. Katika Weird Fantasy na ndugu yake Weird Science, magazeti yaliyoanza pamoja mwaka 1950, palikuwa na ukurasa wa barua. Humo msomaji alisifu, alilaumu, alikosoa sayansi ya hadithi, alimtaja mchoraji ampendaye, na wahariri wakamjibu kwa mzaha na kejeli bila ya kumdharau. Ni vizuri kukumbuka kwamba magazeti haya yalitoka mara moja kwa miezi miwili. Aliyeandika leo alingoja mpaka majira yageuke ndipo aone kama maneno yake yamechapishwa. Na pengine subira hiyo ndiyo iliyozifanya barua ziwe na uzito.

Msomaji mmoja hakuandika kusifu. Mwaka 1952, katika toleo la 13 la Weird Fantasy, Gaines na Feldstein walitoa hadithi iliyounganishwa kutoka katika hadithi mbili za Ray Bradbury, mwandishi aliyekuwa akipata jina kubwa siku zile, bila ya kumwomba ruhusa. Bradbury aliisoma. Badala ya kuwapeleka mahakamani, aliwaandikia barua ya upole mwingi, akisema kwamba huenda kwa ajili ya wingi wa shughuli za ofisini wamesahau kumpelekea dola 50 za haki yake. Walimpelekea. Baada ya hapo Bradbury aliwaruhusu kuzitumia hadithi zake kwa jina lake na kwa malipo, na zaidi ya 20 zikageuzwa kuwa katuni. Ni nadra wizi kumalizika vizuri namna hiyo, na ni nadra zaidi mwizi kubaki na rafiki.

Upendo wa wasomaji ulikua hata wakaanza kutafutana wao kwa wao. Mwaka 1953 kijana Bhob Stewart alitoa karatasi yake mwenyewe ya habari za EC, kazi ya nyumbani isiyokuwa na faida ya fedha. Larry Stark alijulikana kwa barua ndefu zilizopima kila hadithi kama mwalimu anavyopima insha, akisema wazi palipo pazuri na palipovurugika, hata wahariri wakamhesabu kuwa wa kwanza miongoni mwa mashabiki wao. Kampuni ikaanzisha chama. Kwa senti 25 mwanachama alipata cheti, kadi, beji na kitambaa cha kushonea begani. Mama zao, tunaweza kukisia, ndio waliopewa kazi ya kukishona.

SAYARI YA RANGI MBILI

Hadithi ya toleo la 18 iliitwa “Judgment Day”, yaani Siku ya Hukumu. Mjumbe aitwaye Tarlton anatua katika sayari ya Cybrinia, mahali ambapo binadamu wa zamani waliwaweka watu wa chuma, roboti, wakawaacha wajiendeleze wenyewe. Amekuja kukagua. Iwapo ataridhika, sayari hiyo itakaribishwa kuingia katika jamhuri kuu inayoziunganisha dunia za mbali. Tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho Tarlton amevaa mavazi mazito ya safari na kofia inayoufunika uso wote, na msomaji hapati sababu ya kujiuliza yukoje ndani yake.

Roboti anayempokea ni wa rangi ya machungwa, mwenye adabu na fahari ya nchi yake. Anamwonyesha mji, serikali, na kiwanda ambamo roboti huundwa: mifupa ya chuma, mitambo, ubongo, kisha gamba la nje la rangi ya machungwa. Tarlton anasifu. Kisha anauliza jambo ambalo mwenyeji wake hakulitayarisha. Mbona hajaonyeshwa mahali wanapoundwa roboti wa buluu?

Hapo hadithi inabadilika. Roboti wa buluu wana mtaa wao, upande mwingine wa mji. Katika gari la abiria wanapanda nyuma. Kazi zao ni duni na nyumba zao ni chakavu. Tarlton anakwenda huko, anakikagua kiwanda chao kama mkaguzi wa jeshi anavyokagua bohari, kifaa baada ya kifaa, na anakuta kwamba mifupa ni ile ile, mitambo ni ile ile, ubongo ni ule ule. Kinachotofautiana ni rangi ya gamba, na jambo jingine moja: kila roboti anapomalizika hupitishwa katika mashine ya kumfundisha, na mashine ya buluu humfundisha kwamba yeye ni wa chini. Mwenyeji anajitetea kwamba hakuyaanzisha yeye mambo hayo, nayo yamekuwako muda mrefu, naye ni mmoja tu, atafanya nini? Tarlton anamjibu bila ya hasira. Sayari haiko tayari. Anamwambia kwamba hata katika Dunia mambo yalikuwa hivyo zamani, mpaka watu walipojifunza kuishi pamoja, ndipo njia ya kwenda kwenye nyota ikafunguka. Tumaini lipo, anasema, kisha anaingia katika chombo chake.

Katika picha ya mwisho Tarlton yu peke yake angani, amevua kofia. Ni mtu mweusi. Taa za mitambo zinamwangaza usoni, na matone ya jasho juu ya ngozi yake yanametameta kama nyota za mbali.

Hakuna hata neno moja linalosemwa juu ya rangi yake mpaka hapo, na baada ya hapo hakuna kurasa zaidi za kuyaeleza mambo. Huo ndio ustadi wa Feldstein, mtu ambaye kwa kawaida alieleza kila kitu mara mbili. Msomaji aliyekuwa amemkubali Tarlton kuwa mwakilishi wa Dunia nzima, aliyemheshimu kwa ukaguzi wake na kumwamini kwa hukumu yake, alijikuta amekwisha kumkubali kabla ya kuulizwa.

WALIVYOIPOKEA

Kwa msomaji wa leo ni vigumu kuhisi mshtuko huo, kwa hiyo hatuna budi kuutaja mwaka wenyewe. Mapema mwaka 1953 shule za majimbo ya kusini mwa Marekani zilikuwa zimegawanywa kwa rangi kwa nguvu ya sheria. Hukumu ya Mahakama Kuu iliyoupinga mgawanyo huo ilitolewa tarehe 17 Mei 1954. Mtu mweusi wa Alabama alipanda nyuma ya basi. Jeshi lilikuwa limetangulia kidogo. Rais Truman alikuwa ametoa amri tarehe 26 Julai 1948 ya kuwapa askari wote usawa bila ya kujali rangi, na ingawa makamanda wengi waliikokota amri hiyo, vita vya Korea vilivyoanza mwaka 1950 viliwalazimisha, kwa kuwa vikosi vya mbele vilipungukiwa watu na risasi haikuwachagua. Askari aliyelisoma gazeti hili mwaka 1953 huenda alilala hemani na mwenzake wa rangi nyingine, lakini alijua kwamba siku watakaporudi nyumbani hawataruhusiwa kukaa kiti kimoja garini. Yeye hakuhitaji kufafanuliwa sayari ya Cybrinia iko wapi.

Miongoni mwa waliotuma barua alikuwamo Ray Bradbury, yule yule wa dola 50. Safari hii hakudai kitu. Aliwaandikia kwamba hadithi hiyo yafaa iwe somo la lazima kwa kila mwanamume, mwanamke na mtoto katika Marekani, na kwamba wamefanya jambo tukufu. Sifa hiyo ilikuwa na maana ya pekee kwa kuwa ilitoka kwa mtu ambaye hadithi zake mwenyewe ndizo zilizochukuliwa kuwa kipimo cha kazi hii, na kwa kuwa yeye hakuwa na faida yoyote ya kuipata kwa kulisifu gazeti la senti 10.

Jambo moja la kusikitisha ni kwamba sifa na mauzo havikwenda pamoja. Gaines na Feldstein walisema mara nyingi kwamba walijivunia magazeti yao ya sayansi kuliko mengine yote, lakini magazeti hayo yalikula hasara. Yalilishwa na ndugu zao wa kutisha, yale ya maiti wanaofufuka na wake wanaowaua waume zao. Mwanzoni mwa mwaka 1954 Weird Fantasy na Weird Science yaliunganishwa yakawa gazeti moja, na mwaka 1955 hilo nalo likabadilishwa jina likawa Incredible Science Fiction.

WAZAZI NA MOTO

Ndugu hao wa kutisha ndio waliouleta msiba. Wazazi wa Marekani walikuwa wamekwisha kuingiwa na hofu. Tangu mwaka 1948 palikuwa na shule zilizokusanya magazeti ya katuni na kuyachoma moto hadharani, watoto wenyewe wakisimama kuyatazama. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu chake Seduction of the Innocent, akidai kwamba katuni zinawapeleka watoto katika uhalifu. Utafiti wake ulikuja kuonekana baadaye kuwa na dosari kubwa, lakini haingekuwa haki kuwacheka wazazi. Jalada moja la EC lilionyesha mtu ameshika shoka kwa mkono mmoja na kichwa cha mwanamke kwa mkono wa pili. Tarehe 21 Aprili 1954 Gaines alifika kwa hiari yake mbele ya kamati ndogo ya Seneti mjini New York, akaulizwa kama anaona jalada hilo lina adabu, naye akajibu kwamba kwa gazeti la kutisha, ndiyo. Mzazi gani, akilisikia jibu hilo kwenye habari za jioni, asingeamka kwenda kupekua chini ya godoro la mwanawe?

Ndipo wapenzi wa EC wakaombwa kufanya kazi nzito kuliko kushona kitambaa begani. Kampuni iliwaandikia wanachama wake kuwataka waipelekee barua kamati ya Seneti, waseme kwa adabu na kwa maneno yao wenyewe kwamba katuni haziwadhuru. Na watoto wakaambiwa wawaombe wazazi nao waandike. Wito huo haukuweza kuushinda mkondo. Mwezi Oktoba 1954 wachapishaji wenyewe, kwa kuogopa sheria ya serikali, walipitisha kanuni za maadili, wakaweka ofisi ya kukagua kila ukurasa kabla ya kuchapishwa, na wauzaji wengi wakakataa gazeti lisilokuwa na muhuri wa ofisi hiyo. Mkuu wa ofisi alikuwa Charles Murphy, aliyekuwa hakimu katika jiji la New York. Magazeti ya kutisha ya EC yalikufa. Lile la sayansi likabaki, likijikokota chini ya muhuri.

Mwishoni mwa mwaka 1955, toleo la 33 la Incredible Science Fiction lilipokuwa likitayarishwa, ofisi ya Murphy iliikataa hadithi moja. Muda ulikuwa mfupi. Feldstein akaamua kulijaza pengo kwa kuirudia “Judgment Day”, hadithi isiyokuwa na damu, isiyokuwa na kisu, isiyokuwa na mwanamke aliyevaa vibaya. Kwa masimulizi yake, alipoipeleka akaambiwa na Murphy kwamba mtu wa mwisho hawezi kuwa mweusi. Feldstein akamwuliza kama ameielewa hadithi, maana hilo ndilo lililoifanya iandikwe. Hakimu akashikilia neno lake. Katika kanuni zote zilizochapishwa hapakuwa na kifungu kilichokataza mtu mweusi kuwa rubani wa anga. Tena zilikuwa na kifungu kilichokataza kudhihaki rangi au dini ya mtu.

Gaines alimpigia simu. Alimwambia kwamba atawaita waandishi wa habari awaeleze kwa nini hadithi hii imezuiwa, kisha atakwenda mahakamani. Hapo Murphy alilegea, akaomba jambo moja dogo: basi angalau yaondolewe yale matone ya jasho. Mtu atajiuliza matone hayo yalimkosea nini. Labda aliona kwamba mtu mweusi asiyetoka jasho ni picha tu, na anayetoka jasho ni mtu. Labda alitaka tu asishindwe kabisa. Gaines alimtukana kwa neno lisilofaa kuandikwa katika ukurasa unaosomwa na jamaa nzima, akaibwaga simu.

Toleo la 33 lilitoka likiwa na tarehe ya Januari na Februari 1956. Mjini Montgomery, Alabama, watu weusi walikuwa wamegoma kuyapanda mabasi tangu tarehe 5 Desemba, baada ya Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Katika ukurasa wa Orlando roboti wa buluu walikuwa bado wamekaa nyuma ya gari, na katika picha ya mwisho Tarlton alikuwa mweusi kama alivyokuwa mwaka 1953, jasho lake halikuguswa.

Hilo ndilo lililokuwa gazeti la katuni la mwisho la EC. Gaines alibaki na Mad, gazeti la vichekesho alilokwisha kuligeuza umbo hata halikulazimika kupitia kwa hakimu yeyote, nalo likamtajirisha mpaka alipofariki mwaka 1992. Wapenzi wa hadithi za sayansi waliendelea kuandikiana katika magazeti yao madogo ya kuchapwa nyumbani, na Larry Stark akaandika humo tanzia ya kampuni nzima. Lakini waliotaka kuwaandikia wahariri juu ya kurudi kwa Tarlton hawakupata ukurasa wa kuchapishiwa, kwa maana toleo la 34 halikutoka.